Kidumu Kitupu cha Maziwa

Jumanne, 14 Aprili 2020

Likizo ya Pasaka imeisha. Kazini tena. Nimetoka nyumbani Bredäng saa kumi na moja na nusu alfajiri, simu sikioni, Papa, baba yangu, upande wa pili. Kwake ilikuwa saa kumi na mbili na nusu. Mimi napita msitu wa Sätra mpaka shule ninayopikia kule Skärholmen. Yeye anazunguka mtaa wake mpaka kituo cha mafuta na kurudi. Dakika arobaini. Tumefanya hivi tangu mwaka jana, kiharusi kilipomgusa mguu wa kushoto. Daktari alimwambia bila kumung'unya maneno: ukikaa tu, mguu utakufa, na wewe utaufuata. Basi tunatembea. Hatuongei sana. Yeye anataja anachopita. Banda la fundi baiskeli. Ukuta wa kanisa. Mimi nataja vyangu. Daraja. Mtu na mbwa.

Jikoni wapishi wawili hawapo. Mafua, na hapa ukipiga chafya tu unabaki nyumbani. Watoto hawaruhusiwi tena kujipakulia, tunawapakulia sisi kwa glovu. Nimechoka hoi. Zaidi ya hapo sihisi kitu.

Alhamisi, 16 Aprili

Kule kwa Papa wamefunga nchi kwa ajili ya korona. Hakuna kutoka kufanya mazoezi, hata peke yako, hata alfajiri. Ruhusa ni dukani, hospitali na kuchota maji. Josué amenitumia tangazo. Ni mdogo wangu, ndiye anayeishi na Papa tangu tulipokimbia Uvira na kuvuka mpaka, wao wakabaki nchi ile tuliyokimbilia na mimi nikaletwa huku Sweden.

Papa amesema atatii. Nikamwuliza, na mguu? Leo nimetembea mwenyewe. Yeye amekaa kwenye kiti akinisikiliza ninavyohema.

Shuleni supu ya njegere na chapati za maji. Ni Alhamisi, ndiyo desturi ya hapa. Dunia nzima imesimama, chapati za Alhamisi zipo.

Jumapili, 19 Aprili

Ibada kwa simu. Pasta alikatika mara nne.

Baada ya ibada kundi la kanisa likawaka. Mtu ametuma video ya polisi, sijui wa nchi gani, wakikimbiza watu waliokuwa wanakimbia mazoezi. Watu wanaokimbia wakikimbizwa. Wengine wakacheka. Mama Furaha wa Farsta, mwenyekiti wetu wa kina mama, hakucheka. Mumewe yuko hospitali tangu Jumatano, amewekewa mashine. Ameandika kwamba kule angalau serikali inajali, hapa wanatuacha tufe mmoja mmoja kwa adabu. Heri fimbo, akaandika. Nusu ya kundi ikasema amina. Kijana mmoja wa Kenya akajibu kwamba fimbo haijawahi kushusha homa, na wanaopigwa ni wasio na ua wa kuchezea. Pasta akasema tutii mamlaka. Simu imetetema mchana kutwa.

Mimi sikuandika kitu. Nilipika wali. Binti yangu Neema ana miaka kumi na tano, namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi. Analalamika kwamba shule yao imehamishia michezo yote nje, wanalazimishwa kukimbia msituni hata kwenye baridi, na kwamba huo ni uonevu.

Jumatano, 22 Aprili

Papa amepata njia. Kidumu cha maziwa! Cha njano, lita tatu, kitupu. Kununua maziwa ni ruhusa. Basi anatoka nacho mkononi, anazunguka njia yake ile ile, anakipitisha mbele ya kizuizi cha polisi pale kituo cha mafuta, anarudi nacho. Wanamwamkia. Shikamoo mzee, umepata maziwa? Anawajibu: yamekwisha, nitajaribu kesho.

Siku ya tatu hii. Alikuwa ananificha, alisema alikuwa anaogopa nitamgombeza. Nimgombeze nini? Mguu umelegea vizuri, anapanda ngazi ya kanisa bila kushika ukuta. Ana miaka sabini na moja na anaongea kama mwanafunzi aliyetoroka darasani.

Ijumaa, 24 Aprili

Kundi tena. Mama Furaha ameandika kwamba yeyote anayetoka kujinyoosha miguu wakati huu ni muuaji. Neno hilo hasa. Muuaji.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, kituo cha treni Skärholmen, nanuka vitunguu. Nikabonyeza kirekodi. Nikawaambia wote kuhusu Papa. Mtaa wake, kituo cha mafuta, kidumu. Nikaiga sauti yake, yamekwisha, nitajaribu kesho. Nikaiga na polisi. Halafu kicheko kikanishika. Kikanishika kweli, nikashindwa kumaliza sentensi, mama mmoja wa Kiswidi akahamia benchi jingine. Sijui mara ya mwisho nimecheka vile ilikuwa lini. Kabla baba yake Neema hajaondoka, nafikiri.

Dakika mbili za sauti. Nikatuma. Watu wakajibu kwa vicheko. Mama Furaha hakujibu.

Nilijisikia vizuri mpaka Bredäng.

Jumapili, 26 Aprili

Mume wa Mama Furaha amefariki jana asubuhi. Hakuna msiba wa kukaa. Huwezi kwenda, huwezi kupika, huwezi kumshika mtu mkono.

Ijumaa wakati mimi nacheka, yeye alikuwa anasubiri simu ya hospitali. Nimeandika pole. Ndiyo hiyo tu, pole. Nimekaa jikoni nikingoja nilie. Hakuna kilichokuja. Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumatatu, 27 Aprili

Binamu yangu wa Ottawa amenitumia ujumbe wa sauti. Chini ameandika: huyu si wewe?

Ni mimi. Kaupata kwa rafiki, naye kaupata kwa mtu. Una ile alama ya vitu vilivyotumwa mara nyingi. Sauti yangu imekwenda Canada na kunirudia. Na kama imefika Canada, kule kwa Papa haijafika?

Nimeusikiliza mara moja. Mtaa nimeutaja. Kituo cha mafuta nimekitaja. Rangi ya kidumu nimeitaja. Hakuna aliyeniuliza. Mdomo wangu huu!

Lazima nimwambie Papa asitoke. Kesho asubuhi.

Jumanne, 28 Aprili

Sikumwambia.

Alikuwa na furaha. Amefika mpaka nyuma ya kituo cha mafuta, mahali ambapo hajafika tangu augue. Nikimwambia aache, ataniuliza kwa nini. Nikimwambia kwa nini, nimeisha. Nikamwuliza tu kama polisi ni wale wale. Akasema wamebadilishwa, wameletwa vijana wapya. Nikamwambia avae sweta.

Sweta! Ndicho nilichopata cha kusema.

Jumatano, 29 Aprili

Simu ilikatika saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Alikuwa ametoka kutaja kizuizi. Nilisikia sauti ya mwanamume: mzee wa maziwa si ndiye huyu? Kisha wanaume wakicheka. Kisha Papa akisema vijana, ngojeni kidogo, kwa adabu kabisa. Basi.

Nimepiga mara kumi na moja. Nikafika kazini kwa sababu miguu ilikuwa inaelekea huko. Nikakata karoti. Msimamizi akaniambia zinatosha. Nikaendelea.

Josué alipiga saa nane mchana. Wamempeleka uwanja wa mpira pamoja na wengine waliokamatwa. Wanakaa chini, kwenye nyasi, mita mbili mbili. Papa hawezi kukaa chini, mguu haukunji. Josué anashangaa walijuaje. Anasema walikipindua kidumu kwanza kabla hata ya kumsalimu.

Nikarudi kwenye karoti.

Alhamisi, 30 Aprili

Bado yuko uwanjani. Josué amepeleka dawa za presha, wamemrudisha nazo.

Leo asubuhi msituni, polisi wawili juu ya farasi. Huwa wanapita, si kitu cha ajabu. Mimi nilisimama katikati ya njia na kuinua mfuko wa chakula changu juu, uonekane. Waone ninakwenda mahali. Mmoja akatabasamu, akasema habari ya asubuhi kwa Kiswidi, wakapita. Farasi akajisaidia njiani. Mkono wangu ulibaki juu muda fulani.

Supu ya njegere. Chapati za maji. Mtoto mmoja alinishukuru, nikampakulia tena.

Ijumaa, 1 Mei

Wamemwachia jana jioni. Wamembwaga pale kwenye kizuizi cha kituo cha mafuta, Josué akambeba mgongoni mpaka nyumbani. Mguu umevimba toka gotini mpaka vidoleni. Kidumu wamebaki nacho.

Nilimwomba Josué ampe simu. Papa akasema amechoka. Nilimsikia akisema hivyo, kwa mbali. Hajawahi kukataa simu yangu. Moyo ulinipasuka, halafu baada ya dakika tano hata hilo likaisha. Nikabaki nimekufa ganzi, nimesimama na simu mkononi.

Kwenye kundi wanabishana juu yake. Josué alimwambia mtu, mtu akamwambia mtu. Sheria ni sheria, hata mzee. Hapana, ni unyama. Alidanganya. Hakudanganya, maziwa kweli yalikuwa yamekwisha. Wanaandika kama mimi simo humo ndani. Pasta akaomba tumwachie Mungu.

Jioni simu ikalia. Mama Furaha. Nilitaka nisipokee. Mjane wa siku sita. Nikafikiri sasa atanitolea uvivu, na ni haki yake. Aliniuliza Papa amelala? Amekula? Kisha akasema, dada, mimi sikutaka wamkamate mtu yeyote, nilitaka mume wangu apone. Nikamwambia najua. Akasema maziwa yake yanachemka jikoni, akakata simu.

Jumapili, 10 Mei

Papa hatembei. Siku kumi sasa. Anakaa kwenye kiti. Josué anasema mguu umepungua uvimbe lakini umekuwa baridi. Daktari akimwona atasema nini, najua.

Tunaongea Jumapili tu. Ananiuliza kama kuna jua. Namwambia lipo. Ananiuliza Neema amekua? Namwambia amekua. Halafu anampa Josué simu.

Josué ameniambia jambo jingine. Kule uwanjani polisi mmoja alikuwa na sauti kwenye simu yake, ya mwanamke, akiwasikilizisha watu wacheke. Josué hajaisikia. Aliambiwa tu. Akaniuliza kama nimeisikia huku. Nikasema hapana.

Nimemdanganya mdogo wangu. Nimeandika hapa ili iwepo mahali.

Naenda kazini kwa treni siku hizi. Mabehewa matupu, watu wamegeukia madirisha. Sitaki msitu.

Jumamosi, 16 Mei

Neema ameniuliza kwa nini sitembei tena. Nikasema nimechoka. Akavaa viatu, akanitupia vyangu. Tumekwenda mpaka ziwani na kurudi. Kwenye kilima akaniambia, kwa Kiswahili, Mama, mpigie Babu umwambie. Sikumwuliza amejuaje. Nafikiri amesikia ile sauti. Nani hajaisikia.

Sikupiga.

Jumatatu, 25 Mei

Papa amenipigia mwenyewe. Saa kumi na moja na nusu, nilikuwa nafunga kamba za viatu ili niwahi treni. Hakusalimia. Akasema: choo. Nikangoja. Baada ya muda mrefu akasema: lango. Nikaelewa. Anatembea ndani ya ua, kutoka chooni hadi langoni, hatua kumi na tisa. Nilisikia mguu ukiburuza kwenye changarawe. Choo. Lango. Kamba ya nguo. Choo.

Nikaacha treni. Nikaingia msituni.

Daraja, nikasema. Lango, akasema. Mti ulioanguka. Choo.

Karibu na Sätra nikasimama nikamwambia. Nilisema kila kitu kwa pumzi moja, benchi, kirekodi, Canada, ile siku ya sweta. Hakunikatiza. Nilisikia mguu ukiendelea kuburuza.

Akasema anajua. Walimsikilizisha ile sauti siku ya kwanza, jua la saa saba, wamemzunguka. Wakamwuliza, huyu mwanamke ni nani kwako? Akawaambia, simjui.

Nikamwomba msamaha. Akasema nisubiri, anageuka, kugeuka ndiyo kazi. Alipomaliza kugeuka akasema kwamba tangu niende huko Sweden, miaka kumi na moja, hajawahi kunisikia nikicheka. Alikuwa anafikiri huko hamcheki. Basi pale uwanjani aliwaambia wale vijana kwamba hamjui huyo mwanamke, ila tafadhali, wairudie.

Wakairudia, akasema. Mara tatu. Lango.

Nikaanza kutembea tena. Alinisikia tu nikihema.

Nimefika kazini nimechelewa dakika kumi. Leo ni samaki.