Simenti Yenye Pumzi

Mbanda wangu Furaha, mutoto wa mutoto wangu,

Wenye watasoma barua hii juu ya bega lako watashangaa: koko gani anamuita mujukuu wake mbanda, kama vile wameolewa na bwana mumoja? Waambie ni babu yako alianza. Ulikuwa hata meno ya mbele hauna, naye alikuwa anakuita bibi yake mudogo, anakupa kiazi ya kwanza kutoka kwenye chungu, mimi bibi mukubwa nangojea. Njo nikakuita mbanda mpaka leo. Na mbanda hasemeshwi kwa upole, usiutafute humu. Naandika kwa mukono wangu mwenyewe. Nilifika ya tatu primeri tu, herufi zangu zinalala ubavu kama ng'ombe zenye kuchoka, lakini zinasomeka. Na nimeiacha wazi, kila mutoto wetu mwenye kuishi kwenye barafu asome, asirudilie ujinga wako.

Sauti yako nimeisikia kwenye telefone. Umesema ile njia ya gari ya simenti uliyomwaga mbele ya nyumba yako huko Kanada imeharibika baridi ya kwanza tu, ngozi yake imebanduka kama ya muhogo, na ufa umepita katikati. Hiyo naweza kuvumilia. Lakini ukamalizia: "Koko, tafuta masoni mwingine wa kumwagia kaburi ya babu simenti. Mikono yangu haijui tena kazi."

Wewe. Wewe njo ulilia kwenye telefone siku tulimuzika, ukasema mutu asimumwagie babu simenti, utakuja kumumwagia mwenyewe. Nami nikasimama mbele ya wajomba zako, wana wangu wa kuzaa, nikakataza. Walikuja na mifuko ya simenti, wakarudi nayo mabegani. "Mama, unaacha muzee alale kwenye udongo kama mutu asiye na watoto?" Nikawaambia iko na mujukuu. Sasa unataka niende kuwaambia nini?

Kaa chini nikukumbushe, maana naona baridi ya huko imekula hata kichwa.

Unakumbuka asubuhi za hapa Kirolirwe, ukungu ukipanda kutoka bondeni, ng'ombe wanaonekana migongo tu, kama wanaogelea kwenye maziwa. Babu yako, mutu wa pori ya Walikale, alikuwa anavaa koti mbili jua likiwaka. "Huku Masisi Mungu aliacha frigo wazi," alisema. Watu walimucheka, na yeye alicheka nao mpaka akakohoa. Kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi. Mavumbi ya simenti ya kazi yake ya umasoni ilikuwa imekaa humo miaka, hata sisi jikoni tulijua anarudi mbele ya kumuona.

Mulango wa parseli yetu, hapa nyumbani, ulikuwa muteremuko wa udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, mutu alishuka na chukudu yake, baiskeli ya miti yenye kubeba maharage, bila kuomba kushuka, miti, magurudumu na gunia vyote pamoja, mpaka barabarani. Babu akasema atamwaga beto ya simenti. Nikamuambia, kwa miguu ya ng'ombe? Akasema, kwa miguu ya bibi yangu mudogo, asianguke akienda masomo.

Wewe uliteka maji. Alipochanganya, ulitaka kumwaga bidon yote, akakushika mukono. "Maji kidogo, bibi yangu. Simenti si supu." Ukakasirika, ukakaa kando umevimba mashavu. Lakini ilipoanza kukauka alikuita, akakuonyesha kazi yenyewe. Alikuwa ameleta majani ya migomba kutoka kule chini kwenye joto, chukudu nzima, watu wakidhani tunapika pombe. Magunia alikataa, alisema gunia inakunywa maji ya wenyewe. Mukafunika beto yote, jani juu ya jani, ikawa kama mutu amelala. "Simenti yenye kuzaliwa inanyonya," alikuambia. "Ukiinyima maji, inapasuka." Na wewe kila ukitoka masomo, mbele ya kula, ulienda kuinyonyesha. Nakuona mpaka leo, ukungu umekufika kiunoni, unamwaga maji polepole na unaiimbia, maana ulisema mutoto hanyonyi vizuri pasipo wimbo. Mbuzi wa jirani alipita mara moja, akaacha miguu yake kwenye kona. Babu alitaka kuziba, wewe ukakataza. Ile miguu ya mbuzi iko. Mvua ikipita, ndege wadogo wanakunywa humo.

Kwa hiyo najua ulichofanya huko, hata usingenieleza. Ulichelewa mpaka majani ya miti yao ikaanguka, kisha ukamwaga. Migomba hauna, ukafunika na mashuka ya zamani, ukanyeshea kila siku, unaimba, bwana yako anakuchungulia kwenye dirisha. Na baridi ikashuka, ikakuta mutoto na maziwa mudomoni. Maji yote ikageuka mawe ndani ya ngozi yake.

Hakuna mutu mwingine duniani angefanya kosa hilo ila mutu aliyelelewa na babu yako. Sikucheka. Kidogo tu.

Lakini safari ya Mubi ulisahau namna gani? Tulikuwa tunakupeleka Walikale, ndugu za babu wakuone. Lori ilikuwa imetulalia kwenye matope mpaka nguo zetu zikawa za rangi moja. Tukafika Mubi, na kwenye duka moja kulikuwa kongelateri inalia pamoja na jenereta. Wewe barafu ulikuwa unaijua ya mvua ya mawe tu, ile uliyoweka kwenye kikombe, kisha ukauliza ni nani amekunywa mawe yako. Ukalia unataka barafu ya Mubi. Mwenye duka akaingiza chupa ya maji, akaisahau mpaka kesho yake. Alipofungua, chupa ilikuwa imepasuka yote, na maji imesimama pekee yake, imebaki na sura ya chupa.

"Nani ameipiga?" uliuliza.

Babu akakuinamia. "Hakuna aliyepiga. Maji ikiganda inavimba, inatafuta nafasi. Ikikosa nafasi, inavunja nyumba."

Ulilamba ile barafu njia yote mpaka Walikale, ulimi umekufa, hausemi. Ilikuwa safari yangu ya raha kuliko zote.

Basi, yote mawili alikufundisha yeye. La kunyonyesha ulilishika, la chupa ukaliacha Mubi. Babu hakukosea, na mikono yako haikukosea. Ni wewe ulibeba nusu ya muzigo, kisha unasema muzigo mubaya.

Sasa sikia. Uliniambia, na sauti ya kununa, vile watu wa lori ya simenti walikueleza: kwamba kwenu simenti inatiwa pumzi. Kwamba kuna dawa kidogo ya chupa inaingia kwenye mchanganyiko, inazaa vitundu vidogo sana, jicho halivioni, vimejaa hewa. Maji ikivimba na baridi inapata pa kuingia, haivunji. Ulisema hayo kama mutu anayetajiwa wachawi. Mimi nilizima telefone, nikakaa kwenye muteremuko wetu karibu na miguu ya mbuzi. Simenti yenye pumzi. Nimeolewa na masoni maisha yangu yote, sikujua jambo hilo linawezekana.

Tangu pale linanitembelea. Nikifumba macho nikipepeta maharage, naona nchi nyeupe ya barafu, hakuna mutu, hakuna sauti, na muzee ameinama na truweli yake, koti mbili, anasawazisha. Kifua hakipigi filimbi. Nataka kumuita ale, lakini naogopa akigeuka ataacha alama ya muguu.

Kwa hiyo utavunja ile yako. Yote, usitie kiraka, kiraka ni uongo. Utachimba utoe udongo wenye kukunywa maji, utie kokoto, uishindilie, utie tena, ushindilie, kama tulivyofanya hapa kwa miguu na nyimbo. Utaipa muteremuko, maji iende zake, isilale mulangoni kwako kama mugeni muvivu. Utamwaga joto likiwa bado mbele yako, si likiwa mugongoni. Utaagiza ile yenye pumzi, na maji kidogo, si supu. Ile mistari watu wa lori walisema uikate juu ya simenti, uikate: kila kitu kinapasuka, Furaha, afazali kipasuke pale ulipokionyesha. Utainyonyesha wakati wa joto, na baridi ikikaribia utaiachisha ziwa, ikauke. Na ile chumvi jirani zako wanamwaga juu ya barafu, usiiguse baridi ya kwanza. Chumvi ni ya kupikia sombe. Mwaga muchanga, tembea polepole, hakuna mahali unakimbilia.

Kisha ungojee. Baridi moja ipite juu yake. Ikibaki nzima, haunitumii picha. Unakuja.

Wajomba zako wamerudi tena na swali lao. Nimewajibu udongo wa muzee haujamaliza kukaa, na kaburi haimwagiwi simenti kabla udongo ukae. Ni kweli, babu yako mwenyewe alisema hivyo kila siku. Lakini sasa umekaa, najua, maana ni mimi naukanyaga. Nimezungusha mawe pembeni, nimetandika kokoto, naishindilia kidogo kidogo na muguu wenye haujaugua. Watu wakipita barabarani wanaona muzee mwanamuke anacheza juu ya kaburi ya bwana yake. Waone.

Uje na ile dawa, ile ya chupa, hata kidogo chini ya nguo zako. Usinifundishe, najua Masisi haina barafu ya kuvunja kitu. Lakini wewe haukuwapo mwisho wa babu yako. Alikuwa ananiomba nimukalishe, nimuegemeze, nifungue dirisha, nifungue na mulango, na yote ilikuwa wazi na bado alikuwa anatafuta pumzi. Nilipepea na sahani, na sahani haikutosha.

Mumwagie simenti yenye pumzi, mbanda wangu. Majani ya migomba nitatafuta mimi.

Nakufunika kwa mbali, na shuka kavu,

Mbanda wako mukubwa,
koko wa Kirolirwe