Bunduki Nyepesi Kuliko Zote

Jumamosi, Oktoba

Nyepesi kweli, lakini nayo imenishinda. Tangu mkono wa kushoto uanze kulegea, ile bunduki yangu ya kuwindia kulungu siiwezi tena, kwa hiyo leo mke wangu Neema alinipeleka dukani kuchagua nyingine. Muuzaji alinipa ya kukoki kwa mkono, nyepesi kuliko zote alizonazo. Nikalenga ukutani. Mtutu haukutulia hata kidogo.

"Labda ukiegemea mti," Neema alisema.

Nikairudisha. Sitaki kumjeruhi mnyama akafie mbali kwa maumivu.

Jioni nilimpigia Baraka, mwenzangu wa kuwinda tangu tuhamie Toronto. Nikamwambia mwaka huu atafute mtu mwingine.

"Kaka, ni mkono tu?" aliuliza.

Nikamwambia ndiyo. Hata Neema hajui kwamba mguu nao umeanza.