Sauti ya Mama Kwenye Spika ya Ukumbi

Mwenzangu, leo nimeumbuka ukumbi mzima ukiniangalia.

Unaijua ile sauti inayozunguka kwenye magrupu, ya mama anayesema chanjo ya kipindupindu, hii ya kunywa, ina jambo? Mimi nilikuwa nasimuliwa tu, sijaisikiliza. Leo kwenye mkutano wa chanjo, daktari mkuu kaniita niijibu mbele ya watu. Kwanza kaiweka kwenye spika.

Ni mama. Mama yangu mzazi.

"Binti yangu ni nesi. Nimemuuliza mara tatu kama chanjo ni salama, amekaa kimya. Nesi akinyamaza, jueni kuna jambo."

Na yuko hapohapo, safu ya mbele, mkoba mapajani, anaitikia kwa kichwa kama anayemsikiliza mtu mwenye akili.

Nikafungua simu. "Mwanangu, hii chanjo ni salama?" Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Zote nimezisoma. Hakuna hata moja niliyojibu.

Nikamsogelea. "Mama, ni salama. Mimi mwenyewe nimeshainywa."

"Sasa hilo neno moja lilikushinda nini tangu Jumatatu?"

Watu wakacheka mpaka daktari mkuu akageukia ukutani. Mama akanywa dozi yake, na foleni ikajipanga nyuma yake hadi nje ya mlango. Mabango ya chanjo niliyobandika wiki mbili hayajawahi kuleta hata robo ya watu wale.

Nimefika nyumbani nakuta ametuma sauti nyingine, na tayari inasambaa:

"Chanjo ni salama, nimehakikisha. Na wewe mwenye mtoto nesi asiyejibu ujumbe, mfuate kazini, bosi wake akiwepo."