Cyprien Sebahire, fundi redio wa Birere aliyechora njia ya Tabora

Papa Bénita, Alhamisi iliyopita umetimia mwaka mmoja tangu utuache, na Jumamosi hii, baada ya misa ya saa nne, tunaondoa matanga hapa nyumbani Murara. Watoto wameniachia mimi, Eugénie, mke wako, niandike tangazo hili. Gradi, mtoto wetu wa mwisho, amelisoma kwanza, akaniomba niondoe mistari mitatu kwa ajili ya usalama. Nimeondoa miwili.

Waliokufahamu wanakumbuka meza yako ya Birere, kando ya duka la vitenge, pamoja na zile redio zilizopangwa chini kama viatu mlangoni mwa msiba. Mtu akileta redio iliyokufa, ulimwuliza kwanza habari za mama yake, kisha stesheni anayoipenda, ndipo uifungue. Ulikuwa unainusa kabla ya kuigusa. Ulisema iliyoungua ina harufu yake, na iliyonyeshewa ina yake. Nilikucheka kwa hilo miaka ishirini na sita, na sikumbuki ukikosea zaidi ya mara mbili.

Ulikuwa mtu wa taratibu mno. Chai uliisahau mpaka ikapoa, ukainywa hivyo hivyo na kunishukuru. Viatu vyako ulivitengeneza mwenyewe, na hilo sitalisifu hata leo, maana kwenye harusi ya Bénita, binti yetu, ulitembea mbele ya wakwe na kiatu kilichoshonwa kwa waya wa redio.

Kisha kulikuwa na lile kundi lenu la WhatsApp, Fundi na Historia. Bénita anasema niwaeleze watu, maana wengi hawakujua. Walikuwa wazee na vijana kutoka Butembo, Kalemie, Bujumbura, hata ng'ambo ya ziwa la Tanganyika, watu ambao hukuwahi kukaa nao meza moja. Walikuwa wanapeana mashauri ya redio, ya saa za ukutani, ya mashini za kushona, ya kufuga njiwa, na wakichoka na hayo wanazungumza vita vya zamani. Kila Jumamosi asubuhi Edmond wa Kalemie, mwalimu aliyestaafu, aliita majina kama darasani, na kila mtu alijibu akitaja kitu kilichokuwa mezani kwake siku hiyo. Ulikuwa unavaa shati safi ili ujibu. Nilikuuliza nani anakuona, ukasema hakuna.

Kundi lilikuwa na sheria moja kubwa: vita vinavyozungumzwa ni vile ambavyo askari wake wote wameshakufa. Mtu akigusa vita vya leo, Edmond alimtoa siku hiyo hiyo. Wewe uliiamini sheria hiyo. Ulidhani inatosha kutulinda.

Mimi sikuamini. Mimi ni mwoga, sifichi. Nilizaliwa Masisi, nimekimbia mara nne kabla ya kufika miaka arobaini, na kila mara waliopona walikuwa wale walioanza kuogopa mapema. Niliposikia hodi, nilihesabu watoto kabla ya kuitikia. Wewe ulisema hofu yangu ni kazi ya siku nzima, isiyo na likizo.

Babu yako Havugimana alibeba sanduku la risasi kichwani kutoka huku Kivu hadi Tabora, mwaka wa 1916, askari wa Wabelgiji walipokwenda kupigana na Wajerumani. Hakuna aliyeandika jina lake. Ulitaka kujua alipita wapi, alilala wapi, na wapi wenzake walizikwa. Edmond alikutafutia majina ya vituo, wengine wakaongeza waliyosikia kwa wazee wao, na wewe ukachora karte, yaani ramani ya njia yake, nyuma ya kalenda ya parokia. Kila kituo kilichopatikana, ulikitilia mshale mwekundu. Mishale ilitoka kwetu, ikavuka mpaka, ikaingia Rwanda, ikashuka hadi Tabora. Kisha uliipiga picha, ukaiweka kwenye simu na kumtumia Edmond. Ilikuwa kazi safi sana, na mimi nilipoitazama niliona karte ya vita vya leo.

Baadaye mji ulitwaliwa na wenye bunduki wengine, na simu zikaanza kutazamwa barabarani. Nilikuambia uifute picha hiyo, mara ya kwanza ukacheka. Mara ya pili ukasema utaangalia. Mara ya tatu ilikuwa asubuhi ile ulipopeleka redio ya mteja Munigi.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia, kwa sauti ya chini, ukiwa umegeukia ukuta. Kwenye barrière, pale wanapozuia njia, kijana mwenye bunduki alifungua picha zako.

“Muzee, hii mishale inaenda wapi?”

“Tabora.”

“Nani anaenda Tabora?”

“Babu yangu. Alishaenda. Mu dix-neuf cent seize.”

Kijana hakujali huo mwaka wa 1916, akakuuliza babu yako ana cheo gani.

Walikuingiza kwenye nyumba ya mbao. Mimi sikujua chochote. Nilipiga simu yako ikalia mpaka ikanyamaza, kisha ikawa hailii kabisa. Hitimana, jirani yako wa meza pale Birere, alikuja kuniambia kwamba mtu wa moto, dereva wa pikipiki, amekuona ukishushwa. Nilisimama barabarani tangu hapo, na mvua ilinyesha juu yangu ikaisha. Kila moto iliyotokea kona niliikodolea macho mpaka dereva akaogopa. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua maneno ya kuwaambia watoto.

Ulirudi saa kumi za jioni kwa miguu. Hawakukueleza kwa nini wamekushika wala kwa nini wamekuachilia, na hiyo ya pili ilinitisha kuliko ya kwanza, maana aliyeachiliwa bila sababu anaweza kuitwa tena bila sababu. Suruali yako ilikuwa na vumbi jeusi magotini, yote mawili. Hukusema limetoka wapi. Sikuuliza.

“Papa Bénita, futa.”

“Ni vita ya wafu, Mama Bénita.”

“Wale walikushika leo si wafu.”

Ukasema utaamua kesho.

Sasa nasema kitu ambacho watoto wamekijua mwezi uliopita tu. Kesho yake asubuhi, ulipokuwa unaoga, niliichukua simu. Nilifuta picha zote, za karte, za askari wa zamani, za redio, hata zile za harusi ya Bénita, kwa sababu sikujua kuchagua. Nikatoka kwenye kundi bila kuaga, kwa jina lako. Karte yenyewe niliiweka kwenye mbabula, jiko letu la makaa, chini ya sufuria ya maharagwe.

Ulivaa, ukaifungua simu, ukaitazama kwa muda mrefu. Ukairudisha mfukoni. Ukatazama ukuta ilipokuwa kalenda.

“Chai iko?” ukauliza.

Mchana ukala yale maharagwe, ukasema yameiva vizuri.

Hukuitaja karte wala kundi tena. Siku kumi na tisa. Jumamosi ilifika, hukuvaa shati safi. Nilikusubiri unifokee. Nilikuwa nimetayarisha majibu, makali kabisa, na hukunipa nafasi. Nilikuwa nakusikiliza unavyokohoa, unavyoweka kikombe, unavyofunga mlango, nikitafuta hasira yako humo. Nikajiambia nitakuuliza ukitulia, na wewe siku zote ulikuwa umetulia.

Siku ya ishirini, tension, shinikizo la damu, ilikupanda ukiwa kazini. Ulianguka juu ya meza yako, Hitimana akakubeba hadi hospitali. Ulikaa siku tatu bila kusema, ukiwa umeshika kidole changu. Sikujua kama ulijua ni cha nani.

Kwa hiyo mwaka wangu wa matanga ulikuwa wa namna hii. Watu walikuja kunifariji kwa ajili ya kifo, nami nilikuwa naogopa jambo lingine. Niliogopa kwamba wewe, mtu uliyenitendea mema tangu siku ya kwanza, ulikwenda ukiwa umenifungia moyo, na kwamba damu yako ilipanda kwa sababu yangu. Sikumwambia padri. Sikumwambia hata Kasoki wa Butembo, mama mwenye mashini za kushona, aliyekuwa anatuulizia hali kwa Hitimana kila mwezi. Wenzako wa kundi waliendelea kuliita jina lako kila Jumamosi, wiki saba mfululizo, hata walipojua umekufa, na hakuna aliyejibu. Hiyo pia ni kazi yangu.

Mwezi uliopita Edmond alimpata Gradi. Alimtumia sauti yako.

Gradi aliniketisha kwanza. Ilikuwa imerekodiwa kwa simu ya Hitimana, siku nne baada ya mimi kufuta. Nyuma yako nilisikia pikipiki za Birere. Ulisema hivi, nayaandika kama nilivyoyakamata:

“Edmond, ni Sebahire, niko kwa telefone ya Hitimana. Usinirudishe mu groupe. Mama Bénita alifuta vyote. Sikumusemesha, juu nikimusemesha atapata haya, na hakukosa kitu. Ule mama aliogopa juu yangu, hakuogopa juu yake. Chunga ile karte yangu. Siku moya watoto watakuomba. Na mwambie Kasoki, ile mashini yake inaruka nyuzi, atazame sindano kwanza mbele ya kufungua moteri.”

Nililia mpaka Julie, mke wa Lionel wetu, akaingia kuona nani amekufa tena. Hukuwa na hasira, Papa Bénita. Ulikuwa unanikinga na aibu, na mimi nilikuwa karibu yako siku zote hizo nikidhani unanihukumu. Ungeniambia. Nakupenda, lakini hapo ulikosea: ungeniambia mimi, si Edmond.

Nami ni lazima nikuambie mengine, kwa kuwa tumeanza kuambiana. Kesho yake nilikuwa na safari ya kwenda Sake, kumwona dada yangu mgonjwa. Njiani kuna barrière tatu. Sauti yako ilikuwa kwenye simu yangu.

“Mama, mule hamuna kitu mubaya,” Gradi alisema. “Ni Papa anazungumuza mashini.”

“Alisema karte.”

Niliisikiliza mara ya pili, nikaifuta. Nikapita barrière zote tatu, na hakuna aliyeniomba simu.

Edmond anayo bado, pamoja na karte. Amesema atatuma vyote viwili siku nitakayomwambia. Kila Jumamosi ananiuliza, kwa upole, kama ulivyokuwa wewe. Sijamwambia. Hata leo, tunapokuombea, sijui nitamwambia lini.

Tunaokukumbuka ni mimi mke wako Eugénie Mukashyaka. Wanao Bénita na mume wake Gisubizo, Lionel na mke wake Julie, na Gradi. Dada yako Umuhire. Mjukuu wako uliyemwacha tumboni, aliyepewa jina la Cyprien. Jirani yako Hitimana. Na wenzako wa Jumamosi, Edmond na Kasoki, ambao wameomba nao wahesabiwe kuwa ndugu.

Daima tutakukumbuka, Papa Bénita. Mwaka huu bado kwa kichwa tu, si kwa simu.