Mahudhurio ya Duka la Programu

Butiama, 3 Mei 2025

Mwanangu Debora,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu ndilo linanikumbusha umri. Wewe hujambo na kazi ya ufundi wa kompyuta hapo Iringo, Musoma? Wale dagaa uliotuma nimewala na jirani yangu Burito mpaka tumesahau adabu.

Kompyuta ndogo uliyoninunulia inawaka, na ndiyo naandikia. Simu inamaliza maneno upesi, barua inakaa. Ila ile programu ya kuandikia nota za muziki uliyosema niichukue kwenye duka la programu, haipo. Unajua misa ya mwaka mmoja wa kifo cha mama yako ni tarehe 14 Juni, kwao Manyamanyama. Clementi, mwalimu wa kwaya ya kule, amekubali waimbe ule wimbo niliomtungia mama yako tulipooana. Lakini anataka nota zilizochapwa, sauti zote nne, kabla Juni haijaanza. Mwandiko wangu siku hizi unatetemeka, hata mimi mwenyewe unanishinda. Nifanyeje?

Baba yako,
Machage

Musoma, 4 Mei 2025

Shikamoo baba,

Sijambo, kazi tu zimenizidi. Pole na goti.

Baba, programu ipo. Naiangalia hapa kwenye kompyuta yangu, mfumo uleule wa Linux, duka lilelile. Naomba uvae miwani, utafute tena taratibu. Wazee wengi wanapitishaga macho tu.

Mwanao,
Debora

Butiama, 6 Mei 2025

Debora,

Marahaba. Sijambo.

Nimevaa miwani. Nimefundisha miaka thelathini na nne, na kila asubuhi nilikuwaga naita mahudhurio. Basi nimeita mahudhurio ya duka lako. Sehemu ya muziki ina programu arobaini na moja. Nimeziandika zote daftarini, moja moja, jana na leo. Ya nota: jana hayupo, leo hayupo, na ruhusa hakuomba. Picha ya daftari hiyo hapo chini.

Hao wazee wengi wape salamu zangu. Kama mtoto hamwamini baba yake, nitamwambia Clementi atafute wimbo mwingine.

Machage

Musoma, 22 Mei 2025

Shikamoo baba yangu,

Natumaini u mzima na goti limepoa. Nimekaa kimya wiki mbili, kwanza kwa kiburi, halafu kwa aibu. Barua yako ile uliyoweka jina tupu, bila neno baba, imeniuma sana.

Wiki iliyopita mama Gaudensia, mwenye duka la fotokopi Nyasho, aliniletea kompyuta kama yako nimrekebishie feni. Nikafungua duka la programu. Loo! Ya nota haipo. Nikaita mahudhurio kama ulivyofanya: arobaini na moja. Ulikuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Kompyuta yako inatumia prosesa, yaani ubongo wake, ya aina ya ARM, jamii ya zile za kwenye simu. Yangu ni ya aina nyingine. Wenye programu waliitengeneza kwa aina ya yangu tu, na duka halikwambii "hii haikufai", linaificha kimya kimya. Mimi fundi nilitakiwa kujua, badala yake nikakutuma miwani. Nimekukosea heshima, baba. Nisamehe.

Clementi usimwambie kitu kwanza. Msimbo wa programu hiyo, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa yeyote, kwa hiyo nimeujenga upya kwa prosesa ya aina yako. Umegoma mara tatu, siku mbili nzima, ila sasa programu inafunguka. Flashi inakuja kesho na Recho, mke wa kaka Evance, na karatasi ya maelekezo.

Mwanao mkosaji,
Debora

Butiama, 30 Mei 2025

Mwanangu Debora,

Marahaba, tena marahaba. Goti linatembea. Na ule mkono wako ulioshika vyuma siku mbili, Mungu aubariki. Yaliyopita yamekwisha. Kosa moja haliachi mke, sembuse mwana.

Programu imefunguka vizuri. Nimeandika wimbo siku nne. Hukuniambia kwamba ina kitufe cha kuzipiga sauti! Nikabonyeza, zikalia zote nne pamoja. Mwanangu, sauti ya pili ilikuwa mbaya! Ubeti wa mwisho inagombana na ya kwanza mpaka Burito akatoka nje. Nikarudi kwenye daftari la zamani, nikakuta ndivyo nilivyoandika, kwa mkono wangu mwenyewe, mwaka 1989.

Sasa mbona miaka yote wimbo ulikuwa mtamu? Nikakaa, nikakumbuka. Sauti ya pili alikuwaga anaiongoza mama yako, wenzake wakimfuata. Aliliona lile kosa, akaimba inavyotakiwa, na hakuniambia hata siku moja. Miaka thelathini na tano mwanamke yule ananisitiri! Nimecheka peke yangu, nikalia kidogo, nikacheka tena.

Nimeifuta sauti ya pili niliyoandika mimi, nikaandika ya kwake, nikiitafuta kichwani nota kwa nota. Jana Clementi amepokea nota zimechapwa. Akaniuliza juu ya karatasi aweke mtunzi nani. Nimemwambia aweke wawili: Machage na Euphrasia.

Uje mapema, tarehe 12, uwahi mazoezi. Sauti ya pili wamepungukiwa na mtu mmoja.

Baba yako