Mzigo wa Maombi kwa Dada Reine

Jumatano, 5 Machi

Maombi ya jioni kwa pasta, hapa Kasubi. Sisi Wakongo wa ugenini tuna ujanja wetu. Ukisema jambo la mtu macho wazi, ni umbea. Ukifumba macho na kuanza na "Baba wa mbinguni", ni mzigo wa maombi.

Leo nilikuwa na mzigo. Nikaomba: Bwana, umenionyesha dada yetu Reine kwenye geti jekundu la Ntinda, upande wa pili wa jiji, anafunguliwa asubuhi na mwanaume asiye wake. Mtoe huko.

Halafu mama mmoja akavuta pumzi. Utamu wa pumzi ile niliusikia wote.

Umenionyesha! Nilimwona kwa macho haya mawili, niko kwenye boda, napeleka suti ya mteja. Geti, mgongo wa mwanaume asiye mumewe, Reine akaingia. Zaidi sikujua, na sikutaka kujua. Tangu Krismasi Reine ndiye anaongoza kwaya, mahali pangu. Mimi nabeba spika.

Jumapili, 9 Machi

Reine hakuja. Mumewe, Guerschom, alikaa mbele peke yake, mikono ameikunja.

Pasta akanivuta pembeni, akasema: Mungu amekupa jicho, ndugu Hippolyte. Kwaya ni yako tena, kuanzia leo.

Nikaimba. Watu wanalia, mikono juu — na katikati ya haleluya kila mmoja anageuka kutazama kiti cha Reine, kama mbwa wanavyotazama mlango wa jikoni. Kundi la ovyo. Na mpishi ni mimi.

Niliimba vizuri. Hilo ndilo linaniaibisha zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Kazini, soko la Owino. Jirani wa cherehani yangu ni Mubarak, muuza vifungo na nyuzi. Mababu zake walitoka pwani na biashara, Waislamu wa zamani. Yeye amefunga, mimi natafuna chapati nyuma ya rundo la mitumba.

"Fundi, yule dada wa kanisani kwenu, Reine, anaumwa? Tangu Alhamisi haji."

Haji wapi? nikauliza.

"Kwetu Ntinda. Si ndiye anamwogesha baba?"

Baba yake, Mzee Zuhair, alipigwa na kiharusi. Reine anamgeuza, anamsafisha, anamlisha uji. Mubarak ndiye humfungulia geti kabla ya kuja sokoni.

"Anamwosha huku anaimba nyimbo zenu," akasema. "Mwanzo mzee alinuna. Sasa asipoimbiwa hafungui mdomo. Tangu Alhamisi tunabembeleza. Jana nilijaribu kuimba mimi, akanigeuzia mgongo." Akacheka. "Mwambieni arudi, jamani."

Nikasema nitamuulizia. Hivyo tu. Chapati nikaimaliza, ndiyo, nikaimaliza yote.

Mimi ibada yangu inaishia kwenye amina. Ya Reine inaanza na beseni la maji ya moto.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Pélagie, mke wangu, mama wa Ulrich wetu. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, hata kichwa hakuinua.

"Nilijua siku ile ile, Papa Ulrich. Ukiomba kwa kweli unapata kigugumizi. Siku ile ulinyooka kama mtu wa redio."

Na hukusema kitu? nikauliza.

"Nilingoja nione utajibeba mpaka wapi."

Leo alikwenda kwa Reine. Kufuli nje ya mlango. Wakaongea dirishani. Reine amemweleza mumewe yote — mzee, kiharusi, beseni. Guerschom akamjibu kwamba Mungu akishafunua, mtu hana la kueleza. Amemnyang'anya na simu. Kesho zamu ya maombi ni nyumbani kwetu. Guerschom atamleta Reine apige magoti, mimi nimwombee, yeye aungame. Asipoungama, anapelekwa kwa kaka zake Bukavu, watoto wanabaki hapa. Bukavu — na vita hii!

Nikamwomba Pélagie awaambie yeye ukweli.

"Mimi sikufumba macho siku ile," akasema. "Sogeza sufuria."

Jumatano, 12 Machi

Wako sebuleni. Nimesema nafuata Biblia chumbani. Biblia iko hapa kitandani, na mimi naandika kama mjinga.

Reine amepiga magoti kwenye mkeka wetu. Nilipopita aliniangalia. Hakuwa na hasira. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama anauliza habari za nyumbani: "Papa Ulrich, Mzee Zuhair amekula?"

Nikapita.

Neno lenyewe ni fupi. Mungu hakunionyesha kitu. Nilikuwa kwenye boda, nilimwonea wivu, mwanaume wa geti ni Mubarak wa vifungo. Hata mtoto angeweza kulisema. Lakini ni la kusemwa macho wazi, nikimtazama Guerschom, na pasta yuko karibu yake. Watanitoa kwenye kwaya. Watanitoa na kwenye spika.

Najaribu kulisema hapa chumbani. Linatoka na "Baba wa mbinguni" mbele. Hata sasa! Ulimi mchafu, umeshaanza kupanga sauti.

Pélagie amefungua mlango. Ameitazama Biblia, ameichukua, ameiweka kwapani. "Leo utakwenda mikono mitupu," amesema. Hakufunga mlango.

Wimbo umekwisha. Nawaona kutoka hapa, vichwa chini wote, isipokuwa yule aliyepiga magoti. Guerschom anaita:

"Ndugu Hippolyte, njoo. Sisi tumeshafumba macho."