Ampu za Mjomba Gona

Jumatatu, 3 Juni 2024
Nimemaliza ampu nyingine, kikuza sauti cha gitaa! Ndogo, inabebeka kwenye bodaboda, lakini ukichomeka gitaa duka zima linajaa sauti. Siri ni zile taa za kioo za kukuza sauti, nazitoa kwenye redio za kizamani. Mjomba Gona akabandika jina lake mbele, kisha akaniambia nifagie. Haya. Nikafagia.

Jumatano, 5 Juni
Amepiga simu Mwenda, mwenye duka la vyombo vya muziki Kilifi. Wapiga gitaa wa hotelini wamechoka kubeba mizigo, wanataka hizi zetu. Zetu! Atakuja Ijumaa kumwona fundi. Nikauliza, fundi ni nani? Mjomba akacheka. Eti wateja hawaamini ampu ya mwanamke, tena wakinijua watanichukua nikawafanyie kazi wao. Ndiye aliyenilea tangu mama afariki, niseme nini? Nimechoka kushukuru.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwomba tena amwambie Mwenda kuwa fundi ni mimi. “Haraka ya nini, mwanangu?” Nina miaka ishirini na tisa!

Ijumaa, 7 Juni
Niko stoo. Amenifungia kwa kufuli — nusu saa tu, anasema. Naandikia gotini, jasho linadondokea karatasi. Kupitia mbao nasikia yote. Mwenda anapiga gitaa, anaisifu sauti. Mjomba anasema kila waya ameuchomelea mwenyewe. Mwongo!

Ampu inakoroma. Imezima. Mwenda anauliza, vipi fundi? Mjomba anasema ni jambo dogo, amechomoa plagi, anaifungua ampu. Nasikia parafujo ikianguka mezani. Ya pili.

Hajui! Umeme hubaki ndani hata plagi ikichomolewa. Lazima uutoe kwanza, la sivyo unaua. Sikumfundisha. Makusudi kabisa — nilitaka kuwe na kitu kimoja asichokiweza bila mimi. Naona aibu kuandika hivi.

Ya tatu.

Nimepiga kelele! “Mjomba, usitie mkono! Umeme haujatoka!”

Mwenda anauliza, nani huyo? Mjomba anasema ni msichana wa kufagia. Amejuaje, anauliza Mwenda.

Nyayo zinakuja. Za watu wawili. Mwenda ananiuliza kupitia mbao, dada, unaitwa nani? Nimesema Nyevu. Sauti imetoka ndogo, nimerudia. Nyevu!

Anamwambia mjomba afungue. Funguo nazisikia mkononi mwake, zinagongana. Kufuli bado halijaguswa.